Majani mapana uani: kuanzia joto la Kisumu hadi baridi ya Molo

Mgomba uliochimbwa Kisumu ukapandwa Nakuru haufi, lakini mara nyingi hudumaa. Majani mapya yanachelewa kuchomoza, na mwenye bustani anazidi kumwaga mbolea akidhani udongo umechoka, kumbe kinachouzuia ni baridi ya usiku.

Mstari wa ikweta unapita Maseno, kwa hiyo kwa ramani sote wa magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa tunaishi kwenye tropiki, na bustani ya majani mapana yenye sura ya msitu ingekuwa rahisi. Mimea haisomi ramani, inasikia mwinuko. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kakamega kama 1,500, Nakuru kama 1,850, Eldoret kama 2,100, na Molo karibu 2,500. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Mmea unaostawi Kisumu unaweza kudumaa Nakuru na kuungua kwa baridi Molo, hata ukitunzwa kwa mkono uleule.

Pima usiku wako kwanza

Kabla hujanunua mche hata mmoja, tafuta kipimajoto cha kawaida. Kifunge kwenye kijiti sentimita 30 kutoka ardhini, mahali hasa unapotaka kupanda, ukisome kila siku saa kumi na mbili alfajiri kwa wiki mbili. Pima Januari au Februari, anga linapokuwa halina wingu, kisha rudia Julai. Namba ya chini kuliko zote ndiyo itakayokuchagulia mimea.

Ikiwa haishuki chini ya nyuzi 15, kama ilivyo kawaida ufukweni mwa ziwa, karibu kila kitu chenye jani pana kitakubali: helikonia, krotoni, alokasia, monstera, mipapai, migomba ya kila aina. Ikiwa ni kati ya 10 na 15, migomba itakua ila polepole, kana (ua la jani pana linaloota kutoka kwenye tunguu) na nduma zitastawi, na monstera itapenda ukuta wa baraza. Krotoni itaangusha majani ya chini na helikonia itadumaa, kwa hiyo usipoteze pesa. Ikishuka chini ya 10, egemea ensete (jamaa ya mgomba), mkindu, kana, strelitsia (yenye ua kama kichwa cha ndege) na kangaga mti, ule mkubwa wa mabonde ya misitu ya milimani.

Ndani ya uwanja mmoja pia kuna tofauti. Hewa ya baridi hutiririka kama maji na kutuama kwenye kona ya chini, hasa pale ua wa michongoma ulioshikana unapoizuia isitoke. Ukuta wa mawe unaopigwa na jua la alasiri, kwa upande mwingine, hutunza joto na kulitoa taratibu usiku. Mita moja kutoka ukuta huo ndipo mahali pa mmea wako mdekaji.

Kitanda cha mita 4 kwa 2.5

Sura ya msitu haitokani na mmea wa bei ghali. Inatokana na mambo matatu: majani ya ukubwa tofauti yaliyopandana, ngazi tatu za urefu, na udongo usioonekana. Kana, nduma na viazi vitamu vilivyopangwa vizuri hushinda mche wa kigeni ulioachwa peke yake katikati ya nyasi.

Chukua kitanda cha mita 4 kwa 2.5 kilichoegemea ukuta. Nyuma, panda migomba miwili (au ensete mbili ukiwa nyanda za juu), ikiachana mita 2 na ikiwa sentimita 80 kutoka ukutani. Katikati weka mafungu matatu ya kana, kila fungu matunguu (vishina vinene vya chini ya udongo) matano yaliyoachana sentimita 40, na nduma nne pale maji yanapoelekea. Mbele, tandaza vipande 12 vya mashina ya viazi vitamu vya majani ya zambarau, kila kimoja urefu wa sentimita 30, theluthi mbili zikiwa chini ya udongo. Katika miezi mitatu yenye mvua hutaona udongo tena. Kana zitakuwa zimeshaanza kutoa maua. Kila shina likimaliza maua, likate hadi chini ili chipukizi linalofuata lipate nafasi.

Tunguu la kana hulazwa kina cha sentimita 8, jicho likitazama juu. Ukilizamisha sentimita 20, linaweza kuoza kabla halijafika juu, hasa kwenye udongo mzito. Panda mvua ndefu zikishanyesha vizuri mara tatu au nne, udongo ukiwa umelowa kina cha kiganja.

Kupanda mgomba

Kosa kubwa huanzia kwenye kuchagua chipukizi. Lipo chipukizi lenye majani membamba kama upanga na kitako kinene, na lipo lenye majani mapana linaloonekana limeshakua. Jicho huvutwa na hilo la pili, lakini tunguu lake ni dogo na halina akiba. Chukua la upanga, lenye urefu wa sentimita 60 hadi 90.

Libandue kwa jembe kali pamoja na tunguu lake, kisha menya tunguu kwa kisu mpaka libaki jeupe tupu. Sehemu yenye vijitundu vya kahawia imeliwa na fukusi; ikiwa vijitundu vinaingia hadi moyoni, tupa chipukizi lote mbali na shamba. Tunguu lililomenywa litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, usizidishe, kisha uliache kivulini lipoe. Maji hayo huua mayai ya fukusi na minyoo ya mizizi iliyobaki karibu na ngozi. Usilirudishe kwenye udongo ulioumenyea.

Shimo ni sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Unapochimba, udongo wa juu uweke kulia na wa chini uweke kushoto. Changanya wa juu na debe moja na nusu la samadi iliyooza kabisa, ile isiyo na joto wala harufu kali, pamoja na kiganja cha mbolea ya dukani ya NPK 17:17:17. Rudisha mchanganyiko huo shimoni, simamisha chipukizi tunguu likiwa sentimita 20 hadi 30 chini, shindilia kwa mguu, na udongo wa kushoto utumie kujenga ukingo wa kuzuia maji. Mwagilia ndoo mbili za lita 20 siku hiyo. Wakati wa kiangazi, kiasi hicho hicho kila wiki kinatosha Kakamega. Nakuru kigawe mara mbili, kwa sababu maji hupita upesi.

Acha mashina matatu tu kwenye kila shina-mama: lililokua, linalofuata, na mtoto mmoja. Ukiacha yote utapata kichaka cha majani madogo. Upepo wa alasiri kutoka ziwani hupasua majani ya mgomba vipande vipande. Haudhuru afya yake ila hukuharibia sura, kwa hiyo mgomba uuweke upande wa nyumba usiotazama ziwa.

Ensete hufanana na mgomba lakini haina watoto. Ni shina moja nene, majani yenye uti mwekundu, na ikishatoa ua baada ya miaka kadhaa hufa. Mbegu zake ni ngumu kama kokoto ndogo: ziloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa saa 48, uzipande kina cha sentimita 2 mahali penye joto, na usikate tamaa kabla ya miezi mitatu, maana haziamki kwa pamoja.

Udongo wa Kisumu na maji ya Nakuru

Uwanda wa Kano na sehemu nyingi za chini za Kisumu zina ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata kama gundi mvua ikinyesha. Mizizi huoza humo kwa kukosa hewa. Usichimbe shimo refu, kwani litageuka bakuli la maji. Inua tuta la sentimita 40. Kwa kila karai tatu za udongo, changanya karai mbili za samadi na karai moja ya maganda ya mpunga, yanayopatikana kwa urahisi kwenye vinu vya Ahero. Makapi ya miwa nayo yanafaa, lakini yaoze miezi minne kwanza. Yakiwekwa mabichi hula naitrojeni ya udongo na majani yako yatageuka njano. Mchanga kidogo hausaidii kitu, hufanya udongo ushikane zaidi.

Matandazo ya nyasi kavu yawe unene wa sentimita 10, lakini yakae kiganja kimoja mbali na mashina, la sivyo mchwa watapata njia iliyofunikwa. Ukijenga kidimbwi, weka ngege wachanga wale viluwiluwi vya mbu, na usikubali kuchukua gugumaji ziwani kwa ajili ya ua lake la zambarau. Litafunika kidimbwi chote kwa muda mfupi, na kipande kitakachosombwa na mafuriko kitaanza kazi kwingine.

Nakuru hali ni kinyume. Udongo ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unaopitisha maji kama chujio. Humo nduma huteseka, isipokuwa ukiitengenezea bwawa la chini: chimba shimo la mita 1 kwa 1 kwenda chini sentimita 60, tandika karatasi nzito ya nailoni bila kuitoboa, ujaze udongo na samadi nusu kwa nusu, uache sentimita 10 juu kwa ajili ya maji. Nduma nne zitakaa humo na kutoa majani makubwa kama ungo. Vaa glavu unapozikata, kwa sababu utomvu wake huwasha, na jani bichi likitafunwa na mtoto huunguza mdomo na koo. Alokasia, monstera na filodendroni zina tabia hiyo hiyo.

Liko tatizo moja la Nakuru ambalo wengi hulitibu vibaya. Drasena na kodilini, mimea ya mapambo yenye majani marefu, huanza kukauka nchani mwa majani: ncha inakuwa kahawia, kisha mstari wa njano unatenganisha iliyokufa na iliyo hai. Mtu hufikiri ni ukame akaongeza maji, na ncha zikazidi kuungua. Chanzo mara nyingi ni floridi, madini yaliyo mengi kwenye maji ya visima vya Bonde la Ufa, yale yale yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Mmea huyanywa, maji hutoka kwa mvuke, na floridi hurundikana nchani. Kuchemsha maji hakusaidii, kunazidisha ukali wake. Mimea hiyo miwili inyweshe maji ya mvua. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hukupa karibu lita 800 hata baada ya kinachopotea, na drasena tano hazimalizi lita 20 kwa wiki. Epuka pia mbolea za fosfati kwenye mimea hiyo, kwa kuwa nyingi hubeba floridi, samadi inatosha. Jani lililoungua haliponi, lipunguze kwa mkasi ukiacha uzi mwembamba wa kahawia ili usijeruhi sehemu hai. Kana, migomba na mkindu havisumbuliwi sana na maji hayo.

Panga na fuko

Magharibi mwa Kenya kuna mnyauko bakteria wa migomba. Majani huanguka yakiwa ya njano kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na ukikata shina hutoka usaha wa rangi ya njano hafifu. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza kwenye ensete za Ethiopia mwaka 1968, kwa hiyo ensete yako nayo haina kinga. Hauna dawa. Ng'oa shina zima pamoja na tunguu, uzike kina cha mita moja. Panga ndilo linaloubeba kutoka shina hadi shina: kabla ya kuhamia mgomba mwingine, pitisha ubapa motoni mpaka usiweze kuugusa. Ua la dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, livunje kwa kijiti cha panda mara mkono wa mwisho wa ndizi unapotokea, kwa sababu nyuki na nyigu hubeba ugonjwa kutoka ua moja hadi lingine. Usilikate kwa kisu.

Nakuru na Kericho fuko hula matunguu ya kana na nduma kutoka chini, nawe huoni ila mmea uliolala asubuhi. Tandika waya wa kuku ndani ya shimo lote, kina cha sentimita 40, ukingo ukijitokeza sentimita 5 juu ya udongo.

Kericho na Nandi Hills mvua ya mawe hutoboa jani lolote laini. Huko mkindu na strelitsia ndizo zisizotoboka kirahisi.

Molo, Mau Narok na Timboroa

Huku barafu ya alfajiri huja usiku mkavu usio na upepo, mara nyingi kati ya Desemba na Februari. Ukiona jioni anga ni safi na majani hayatikisiki, mwagilia udongo saa kumi alasiri, kwa kuwa udongo uliolowa hutunza joto kuliko mkavu. Simamisha fito tatu kuuzunguka mmea na uzifunike kwa magunia bila kugusa majani. Yafunue saa tatu asubuhi, yasije yakaupika.

Jani likigeuka jeusi, liache hapo hapo hadi mvua za Machi. Linafunika moyo wa mmea dhidi ya usiku unaofuata. Mvua zikifika, kata shina la ensete taratibu kutoka juu, sentimita 5 kila mara. Mikato ya kwanza itatoka ya kahawia na laini. Ukifika penye weupe unaotoa maji, simama. Katikati ya mkato huo, siku chache baadaye, utaona jani jipya limejisukuma nje likiwa limejikunja kama sigara.