Jinsi ya kujua jina Filbert limetoka wapi (na ile kokwa inaingiaje hapo)

Kama unaitwa Filbert au unataka kumpa mtoto hilo jina, ukiperuzi mtandaoni kidogo tu lazima ukutane na mtu anakwambia maana yake ni kokwa. Usiamini fasta. Ni kweli kwa Kiingereza filbert ni kokwa, zile za mviringo za kahawia zenye ganda gumu, wanazisaga wanatia kwenye chokoleti, ila jiulize kwanza, nani alimtangulia mwenzake, mtu au kokwa?

Anza kwa kulikata jina vipande viwili. Filbert ni Filibert lililofupishwa, kwa hiyo una "fili" na una "bert". Hiyo bert ni neno la kale la Kijerumani, beraht, yaani angavu, na ndo hiyohiyo iliyoko kwenye Robert, Albert, Gilbert na Hubert, ukiishika hiyo moja umeshafungua majina kibao kwa mpigo. Fili ni "sana" au "nyingi", Wajerumani mpaka leo wanasema viel. Ukiunga unapata mwenye kung'aa sana. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kwa 3:32.16, hapo jina lilikuwa kazini aisee.

Sasa hapa ndo wengi wanachemka, hata mimi nilishachemka: wakiona limeandikwa Philbert wanalipeleka kwa Philip. Hapana. Philip ni Kigiriki, mpenda farasi, hawa wawili hawana undugu wowote, hiyo Ph ni mbwembwe za waandishi tu.

Ukimaliza hapo mtafute mtu maarufu wa zamani aliyelibeba. Kwa Filbert ni Mtakatifu Filibert, abate wa karne ya 7 kule Ufaransa, aliyeanzisha monasteri ya Jumièges, Normandy, mnamo mwaka 654. Halafu angalia sikukuu yake: tarehe 20 Agosti. Na kokwa za mti wa hazel, ndo hizohizo filbert, huko zinaanza kukomaa lini? Hukohuko mwishoni mwa Agosti. Basi Wanormandi wakawa wanaziita kokwa za Filibert, neno likavuka maji mpaka Uingereza, watu wakaona uvivu kulisema lote, likabaki filbert peke yake. Kwa hiyo kokwa ndo iliyoazima jina la mtawa, yeye hakuazima kitu.

Usije tu ukaifanya hiyo kanuni ya kila jina. Hazel ni mti huohuo na kokwa hizohizo, lakini lenyewe lilienda kinyume, lilikuwa jina la mti karne na karne, wazazi wakaja kuwapa mabinti zao kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 majina ya maua na mimea yalipopamba moto. Mtu akikuita kokwa tena, mwambie akamtafute Hazel.