Kufuatilia uvimbe mpya baada ya saratani ya thairoidi: mwongozo kwa familia za Bukavu

Mgonjwa aliyetolewa tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, kwa sababu ya saratani, awe anaishi Kadutu au amevuka ziwa kutoka Idjwi, kisiwa ambako rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, limejulikana kwa miaka mingi kutokana na upungufu wa madini joto, asichunguzwe shingo tu. Saratani ya aina ya papilari huingia kwanza kwenye tezi za limfu za shingoni, ilhali ile ya folikula husafiri kwa damu hadi mapafuni na mifupani. Mara chache hutokeza pasipotarajiwa: ngozi ya kichwa, ubongo, ini, figo, hata jicho.

Kwa hiyo, wakati wa kumsuka au kumnyoa mgonjwa, pitisheni vidole kichwani polepole. Mkikuta uvimbe mgumu unaokua, hata kama hauumi, msiukande wala msiuchanje, nawasihi sana. Mpelekeni kwa daktari mkiwa na karatasi za upasuaji na majibu ya zamani ya maabara, kwa maana bila historia hiyo uvimbe wa namna hii hudhaniwa kuwa wa kawaida. Ulizeni kama kipande kitachukuliwa na kupimwa kama kina thairoglobulini, protini inayotengenezwa na chembe za thairoidi. Ikipatikana ngozini, chanzo kinajulikana. Protini hiyo hupimwa pia katika damu, na ikizidi kupanda kwa mtu asiye na tezi, ni ishara ya kutafuta zaidi.

Na kwa kuwa saratani hii huweza kufika mifupani, maumivu ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea yapelekwe hospitali siku hiyohiyo.