Notisi ya benki imefika na shamba ndo dhamana: anzia wapi kabla dalali hajaja

Mi nalima mpunga Mbarali. Msimu mmoja maji yalikata mpunga ukiwa ndo unatoa mashuke, ekari sita zikaishia kuwa malisho ya ng'ombe, na mkopo wa benki ulikuwa unadai palepale. Barua ya kwanza ilivyokuja nikaikunja nikaiweka chini ya godoro, nikawa nalala juu yake wiki tano nzima. Mke wangu ndo aliikuta siku anaanika godoro juani. Kwahiyo haya ninayoandika nimeyajua kwa kuchelewa, we usichelewe.

Kwanza kabisa mwambie mwenza wako, leo. Afu chukueni daftari mkae chini muandike kila deni: benki, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya pembejeo, vikoba, duka la mbolea, jirani, programu za mkopo za kwenye simu, na wale kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Kila moja andika ulichukua shingapi, umerudisha shingapi, riba yake ikoje na umeweka nini dhamana. Hapo kwenye dhamana ndo penyewe, manake deni la shilingi laki tatu lililoshika shamba ni hatari kuliko la milioni lisiloshika kitu. Mi nilikuwa nakimbizana na wa dukani kwa sababu ndo anapiga kelele, kumbe anayetaka kuliuza shamba langu, benki, amekaa kimya kwenye kiyoyozi.

Sasa hiyo barua. Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na marekebisho yake, ukishindwa marejesho mkopeshaji lazima akupe notisi ya maandishi, na una siku 60 toka uipokee kabla hajaanza kudai deni lote na kushika dhamana. Kwahiyo andika tarehe uliyoipokea juu ya barua yenyewe kwa kalamu. Hata ikifika kwenye mnada, dalali haruhusiwi kuamka tu na kipaza sauti, Sheria ya Madalali inataka tangazo la wazi siku 14 kabla ya kuuza ardhi. Na wakiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, unayo hoja ya kupinga. Nyumba ya familia nayo haiwekwi rehani bila mwenza kuridhia, kama saini ya mkeo au mumeo ilighushiwa au haipo kabisa, hilo mwambie mwanasheria mapema.

Ndani ya hizo siku 60 nenda tawini mwenyewe, usimtume mtoto, usipige simu tu. Omba taarifa ya mkopo inayoonyesha kila rejesho na kila faini, mi kwenye yangu nilikuta rejesho moja halijaingizwa, na risiti ninayo. Usiende kulia njaa, nenda na ombi lililoandikwa: nataka kupangiwa upya marejesho, nalipa kiasi hiki baada ya mavuno, sio kila mwezi, manake mpunga hautoi mshahara kila tarehe 30. Beba picha za shamba lilivyokauka zikiwa na tarehe, barua ya afisa ugani au mtendaji wa kijiji inayothibitisha hasara, na makadirio ya msimu ujao yasiyo na chumvi. Uliza pia kama kwenye mkopo wako walikata bima ya mazao, watu wengi wamekatwa hela ya bima na hawajui, msimu ukiharibika wanakaa kimya na muda wa kudai unapita. Mkikubaliana chochote, kipatikane kwa maandishi kabla hujatoa hata mia. "Tumeelewana" ya mdomo haimzuii dalali.

Benki wakikupiga chenga, peleka kwanza malalamiko ya maandishi kwao wenyewe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, wakishindwa kukujibu vizuri unapeleka Benki Kuu, wana ofisi Mbeya, Mwanza, Arusha, Mtwara, Dodoma, Dar na Zanzibar. Deni likiwa la AMCOS na makato huyaelewi, muone afisa ushirika wa wilaya na udai kuonyeshwa kitabu. Wakili huna hela? Toka 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, uliza halmashauri wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, au watafute Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Ukihitaji kuzuia mnada uende kwao mapema, sio siku dalali ameshafunga turubai.

Kausha damu ni habari nyingine. Mkopeshaji binafsi mwenye leseni ya Benki Kuu kikomo cha riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yani ukichukua laki tatu riba ni elfu kumi na mia tano. Yule wa mtaani kwetu anataka elfu tisini! Muombe leseni, uone anavyobadilika sura. Hana ruhusa ya kuingia ndani kubeba kochi bila utaratibu, akija kwa vurugu ita mwenyekiti wa mtaa na uende polisi. Programu za simu nazo, Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia 69 zisizo na leseni, kwahiyo angalia kama yako ni mojawapo kabla hujatetemeka na meseji zao.

Na tafadhali bana, usikope kwa kausha damu ili ulipe benki. Wala usiuze zao likiwa bado shambani, hiyo ambayo watu wa korosho wanaita kangomba na wa kahawa kule Kagera wanaita butura. Unapata hela kiduchu leo, afu mavuno yakifika sio yako na deni bado lipo. Kama lazima uuze kitu, uza kisichozalisha. Mi niliuza pikipiki, pampu ya maji nikaiacha.

Benki walinikubalia kulipa mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane. Makaratasi yote anakaa nayo mke wangu kwenye sanduku lake, na ufunguo hanipi.