Namna ya Kuwafundisha Watoto Maada na Sifa Zake
Maada ni kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi. Watoto huikariri maana hiyo kwa siku moja, lakini ukiwauliza kama hewa ni maada, wengi hukana, kwa sababu hawaioni wala hawaishiki. Kwa hiyo mwalimu au mzazi anayetaka somo hili liingie hana budi kutumia muda mwingi kwenye hewa kuliko kwenye mawe na maji, ambayo mtoto ameshayakubali.

Kwanza, onyesha kwamba hewa huchukua nafasi. Bana karatasi kavu kwenye kitako cha bilauri, ifudikize, kisha izamishe wima katika ndoo ya maji. Kabla ya kufanya hivyo, mwache kila mtoto aseme anachotarajia na sababu yake, wala usimsahihishe. Karatasi itatoka kavu. Na ukirudia, safari hii ukiiinamisha bilauri ndani ya maji, wataona mapovu yakipanda huku maji yakiingia mahali palipokuwa na hewa.

Tungamo la hewa ni gumu zaidi kulionyesha, maana lita moja ya hewa ina takriban gramu 1.2 tu. Wengi hutumia maputo mawili yaliyoning'inizwa kwenye kijiti, ila tofauti yake ni ndogo mno na huwachanganya watoto. Mimi napendelea mpira wa miguu: upime kwenye mzani wa kielektroniki ukiwa duara lakini bado laini, ujaze upepo hadi uwe mgumu, kisha upime tena. Utaongezeka gramu chache, na kwa kuwa ukubwa wake haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana, ongezeko hilo halina chanzo kingine ila hewa iliyoingizwa.

Hapo hali tatu za maada hueleweka upesi: yabisi hushika umbo lake, kimiminika hufuata umbo la chombo bila kubadili ujazo, na gesi hujaza chombo chote. Mtego uko kwenye kimiminika. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 7 hivi, huona maji yameongezeka yakihamishiwa chombo chembamba. Kubishana nao hakusaidii. Wape vyombo wamimine na kurudisha wenyewe kadiri wapendavyo.

Futa mapema pia dhana kwamba kila kizito huzama, kwani gogo huelea na msumari huzama. Linganisha vitu vyenye ujazo sawa: sentimeta moja ya ujazo ya chuma ina gramu zipatazo 7.9, ya maji gramu 1, na ya barafu takriban 0.92.

Hilo la barafu walithibitishe wenyewe. Tia maji nusu chupa ya plastiki, kamwe si ya kioo, weka alama, funga, pima na ugandishe. Barafu itapita alama kwa sababu maji hutanuka kwa takriban asilimia 9 yanapoganda, ilhali mzani utasoma vilevile, mradi uifute chupa unyevu wa nje kabla ya kuipima.