Kabla Hujanunua Balbu: Mambo ya Kuzingatia Taa Kubwa za Gari la Zamani Zinapogoma

Taa kubwa ya gari ikizima, wengi wetu hukimbilia dukani kununua balbu, na mara nyingi tunabahatika, kwa sababu balbu ndiyo inayokufa kuliko kitu kingine chochote katika mfumo huo. Kwa gari lililokwishatimiza miaka ishirini na tano au thelathini, hata hivyo, bahati hiyo hupungua sana. Nyaya zake zimepikwa na joto la injini kwa miaka mingi, soketi zimelegea, na kila fundi aliyepita ameacha alama yake kwa tepu nyeusi. Jirani yangu alibadilisha balbu ya kushoto mara tatu ndani ya miezi miwili, na kila alipobadilisha taa iliwaka kwa siku kadhaa kisha ikazima tena. Kumbe tatizo lilikuwa ulimi mmoja wa soketi uliokuwa umelegea na kuungua. Alipokuwa akiichomoa na kuichomeka soketi hiyo, ulimi ulishika kwa muda, naye akadhani ni balbu mpya iliyotibu ugonjwa. Balbu zote tatu alizozitupa zilikuwa nzima.

Kazi hii ifanyike mchana, gari likiwa kivulini, injini ikiwa imepoa, na pawepo mtu wa pili wa kukaa kwenye usukani na kuwasha swichi unapomwambia. Vifaa vinavyohitajika si vingi: testa ya taa yenye waya na klipu, mita ya umeme hata ile ya bei ndogo, fyuzi mbili tatu za ampea zinazolingana na zilizomo, kipande cha msasa laini na bisibisi. Katika kanda yetu giza huingia upesi mno baada ya jua kuzama, kwa hiyo anayeanza kufungua boneti saa kumi na mbili jioni ajue kwamba atamalizia kazi kwa tochi ya simu, na kwa tochi ya simu ulimi wa soketi ulioungua hauonekani.

Kabla ya kugusa chochote, washa taa kwa kila hali na uandike unachokiona kwenye karatasi. Je, imezima taa moja au zote mbili? Je, dimu (mwanga wa chini) imekufa na fuli (mwanga wa mbali) inawaka, au ni kinyume chake? Je, ukivuta mkono wa swichi kumpigia mwenzako taa, zinawaka? Je, taa ndogo na taa za dashibodi ziko sawa? Majibu hayo hupunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Taa mbili kufa kwa wakati mmoja mara chache huwa ni balbu mbili. Tazama kwanza kile ambacho taa zote mbili zinakitegemea, yaani rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), swichi na nyaya zinazozilisha. Ikiwa taa za kupigia zinawaka ilhali taa za kawaida hazitaki, basi nyuzi za fuli ndani ya balbu ni nzima, fyuzi ni nzima, na msako wako uhamie kwenye swichi. Ikiwa ni upande mmoja tu, na ni dimu tu, hapo ndipo balbu inapokuwa mshukiwa wa kwanza.

Fyuzi nayo ichomolewe na kupimwa, isitazamwe tu kwa macho, kwa kuwa ufa mwembamba kwenye uzi wake unaweza kujificha pembeni karibu na plastiki. Magari mengi ya Kijapani yana fyuzi mbili za taa kubwa, moja kwa kila upande, na mara nyingi ni za ampea 15, zenye rangi ya buluu. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampea zile zile. Ikiungua tena papo hapo, kuna shoti, na hakuna fyuzi kubwa zaidi, waya wa shaba wala karatasi ya pakiti ya sigara itakayoiondoa shoti hiyo. Kitakachofuata kuungua ni waya wenyewe, tena nyuma ya dashibodi ambako hauuoni.

Hapa kuna jambo ambalo limewapotosha mafundi wengi, hata wazoefu. Kwa mazoea tunaamini kwamba swichi hukata umeme wa chanya, na kwamba balbu ina ethi yake, yaani njia ya hasi, ya kudumu kwenye bodi. Toyota nyingi za miaka ya 1990 haziko hivyo. Rilei hupeleka chanya, kupitia zile fyuzi mbili, hadi kwenye mguu wa pamoja wa balbu ya H4, ile yenye nyuzi mbili na miguu mitatu, ambao ni mmoja wa miguu miwili ya pembeni. Kisha swichi ya usukani huchagua ni uzi upi upewe hasi, wa dimu au wa fuli. Fundi akifunga klipu ya testa kwenye bodi na kugusa, kwenye soketi iliyochomolewa, mguu wa dimu swichi ikiwa kwenye dimu, hatapata mwanga, naye atatangaza kwamba waya umekatika. Haujakatika. Anapaswa kuhamisha klipu kwenye nguzo ya chanya ya betri, kisha agundue kama mguu wa dimu unapata hasi swichi ikiwa kwenye dimu, na mguu wa fuli swichi ikiwa kwenye fuli.

Mpangilio huo huzaa kioja kingine. Fyuzi ya upande mmoja ikiungua, taa ya upande huo haizimi kabisa, bali huweza kuonyesha mwanga hafifu mwekundu kama kaa la moto. Umeme kutoka upande mzima hupita kwenye uzi wa fuli wa balbu nzima, ukavuka hadi kwenye uzi wa fuli wa balbu iliyonyimwa chanya, ukapita uzi wake wa dimu na kuishia kwenye hasi ya swichi. Nyuzi tatu zinagawana volti 12, kila mmoja ukipata kidogo. Mwenye gari akiona hivyo husema ethi mbovu, na kwa gari la aina nyingine angekuwa sahihi. Kwa gari hili, tiba yake ni fyuzi moja tu.

Taa zinazowaka lakini hazionyeshi njia zinahitaji kupimwa zikiwa na mzigo. Waya ambao ndani yake umebakiwa na uzi mmoja mzima bado utaonyesha volti 12 kamili kwenye mita ikiwa balbu imechomolewa, kwa sababu mita haivuti umeme wa kutajika. Balbu ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6, na ni pale inapoanza kuvuta ndipo udhaifu hujitokeza. Kwa hiyo rudisha balbu mahali pake, washa taa, kisha ingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi, kwenye mguu wa chanya na kwenye mguu wa hasi. Linganisha unachosoma hapo na unachosoma kwenye nguzo za betri wakati huo huo. Ikiwa betri inasoma 12.4 na soketi inasoma 10.6, karibu volti mbili zimepotea njiani. Kwa masikio hilo ni jambo dogo, lakini mwanga wa balbu hushuka kwa kasi kubwa kuliko volti: volti ikipungua kwa sehemu moja ya kumi, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30, na kwa mfano huu ungebakiwa na kama asilimia 60 tu. Hapo mtu huenda akanunua balbu kali zaidi, wakati umeme wa balbu aliyonayo haujafika wote.

Kutafuta volti hizo zilizopotea ni kazi ya subira tu. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye kiungo kinachofuata upande ule ule, ukitoka rilei kwenda fyuzi, kutoka fyuzi kwenda soketi, na upande wa hasi ukitoka soketi kwenda swichi na kutoka swichi kwenda bodi. Kiungo kizima huonyesha sehemu ndogo ya volti moja. Kile kinachoruka ghafla hadi volti moja au zaidi ndicho mgonjwa wako. Mara nyingi ni bolti ya ethi iliyopakwa rangi gari lilipopigwa bodi, na kuikwangua kwa msasa, kuikaza na kuipaka mafuta ya mgando kidogo kwa juu humaliza kesi.

Rilei haihitaji maelezo marefu: iguse kwa kidole mwenzako akiwasha swichi, nawe usikie ikigonga. Ikigonga lakini umeme haupiti, ibadilishane kwa majaribio na nyingine ya gari hilo hilo, mradi namba zilizochapwa juu yake ziwe zile zile.

Kuhusu swichi ya usukani, jambo la kuuliza ni balbu gani zilizowahi kufungwa humo. Madukani kuna balbu za wati 100 kwa 90 (fuli kwa dimu) zinazoingia vizuri kabisa mahali pa zile za kiwanda za wati 60 kwa 55, na wauzaji huzisifu. Balbu mbili za kiwanda kwenye fuli huvuta ampea 10. Hizo kali huvuta karibu ampea 17. Kila fyuzi ya ampea 15 inabeba upande mmoja tu, yaani ampea 8 na kidogo, kwa hiyo haiungui wala haionyi mtu. Lakini katika yale magari yanayokata hasi, ampea zote 17 hupita kwenye vidoti vidogo vya shaba ndani ya swichi, vikayeyusha plastiki inayovishikilia. Ukishika kifuniko cha usukani baada ya dakika ishirini za fuli ukahisi kina joto, au ukanusa harufu ya plastiki, usiendelee na safari ya usiku kwa balbu hizo.

Ikiwa kweli balbu ndiyo iliyokufa, ishike mpya kwa kitako chake cha chuma au kwa kitambaa safi, kwa maana mafuta ya vidole hubaki kwenye kioo cha halojeni na kufanya sehemu hiyo ipate joto kupita kiasi. Zikiwa zinaungua mara kwa mara pande zote mbili, pima chaji injini ikiwa inazunguka: volti 13.8 hadi 14.4 ni kawaida, na ikivuka 15, peleka altaneta, yaani mashine inayochaji betri, kwa fundi kabla ya kununua balbu nyingine.

Taa nzima ya kichwa ikinunuliwa kutoka kwenye gari lililokatwa, itazame mwelekeo wake kabla ya kulipa. Taa za magari ya Japani zimetengenezwa kwa barabara za kushoto, kwa hiyo Tanzania, Kenya na Uganda zinafaa kama zilivyo. Ukivuka kwenda Burundi, Rwanda au Kongo, ambako hupita kulia, dimu hiyo hiyo huinua mwanga wake upande wa anayekuja mbele yako. Egesha gari mita chache mbele ya ukuta jioni, uwashe dimu, na utaona mstari wa mwanga ukipanda kuelekea upande gani.