Diski ya sebuleni haifunguki chumbani: anza na namba ya kosa

Mimi ni fundi kompyuta hapa Tanga, na simu nyingi ninazopigiwa jioni siku hizi hazihusu kompyuta iliyokufa. Zinahusu diski. Nyumba ina kompyuta ya mezani sebuleni, nyuma yake imechomekwa diski ya nje yenye picha za familia, notisi za watoto na tamthilia za mama, na wengine wote humo ndani wanaifikia kwa waifai. Jana ilifunguka, leo imegoma. "Fundi, mtandao umekataa."

Mtandao hukataa kwa namna kadhaa, na kila namna ina namba yake. Bahati mbaya wengi hawaisomi. Wanazima fayawoli (ulinzi unaozuia wasiotakiwa kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao), wanazima na kuwasha rauta, wanabofya kila kinachobofyeka kwenye ukurasa wa kushea mafaili, na nikifika nakuta kosa la awali limezikwa chini ya mengine matatu mapya. Kwa hiyo tuelewane: usiguse kitu chochote kwanza. Nenda kwenye kompyuta inayokataliwa (siyo ile yenye diski), bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, piga Enter, kisha andika hivi:

net use * \\SEBULENI\Picha

Mahali pa SEBULENI weka jina la kompyuta yenye diski, na mahali pa Picha weka jina ambalo folda ilisheiwa nalo. Mambo yakiwa sawa utapewa herufi ya diski na kazi imeisha. Yasipokuwa sawa utaona maneno "System error" na namba mbele yake. Hiyo namba ndiyo tunayoitaka. Wewe uliyezoea kufungua kwa kubofya huenda umeona kitu kirefu kama 0x80070035. Usitishike. Hiyo 35 ya mwisho ni 53 iliyoandikwa kwa mfumo wa hesabu wa kumi na sita, kosa ni lile lile. Vivyo hivyo 43 ni 67, na 05 ni 5.

Halafu kitu kimoja kabla hatujaendelea: rudi sebuleni uifungue diski pale pale ilipochomekwa. Kama hata hapo haifunguki, achana na mtandao kabisa. Jaribu waya mwingine wa USB na tundu jingine. Ikiwa inaonekana lakini inalalamika, na umeme ulikatika ikiwa kazini, mara nyingi amri ya chkdsk E: /f (weka herufi yako, na dirisha la cmd ulifungue kwa haki za msimamizi) huinyoosha. Ila diski ikianza kugonga kwa ndani, tak, tak, izime. Usiifanyie chkdsk. Tafuta mtu wa kuokoa data.

Namba 53: kompyuta haifikiki

Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na ndiyo yenye vyanzo vingi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwenye kompyuta zote mbili andika ipconfig na utazame mstari wa IPv4. Zote zinatakiwa zianze sawa, mfano 192.168.1.20 na 192.168.1.35. Ukikuta mojawapo inaanza na 169.254, hiyo haijapewa anwani na rauta, imejipa yenyewe, na haitaongea na mtu. Tazama waya, au iondoe kwenye waifai uiunge upya.

Ukikuta moja ni 192.168.1 na nyingine ni 192.168.0 au 192.168.8, nyumba hiyo ina mitandao miwili. Kuna mpiga picha za harusi mmoja, mteja wangu wa Chumbageni, studio yake iko ghorofani na duka liko chini. Rauta ya intaneti iko dukani. Ili apate mawimbi juu alinunua rauta ya pili, akaichomekea waya kutoka ya kwanza kwenye lile tundu lenye rangi ya peke yake, lililoandikwa WAN. Intaneti ilipatikana vizuri tu. Lakini rauta ya pili ilijenga mtandao wake, na kompyuta yenye diski ikawa nyuma yake, ambako laptopu ya dukani haiwezi kuingia. Tiba haina gharama: ingia kwenye ukurasa wa rauta ya pili, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza (mfano 192.168.1.2), zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), kisha hamisha ule waya kutoka WAN uingie kwenye mojawapo ya matundu ya LAN. Sasa wote wanapewa anwani na rauta moja. Rauta nyingi za siku hizi zina chaguo la Access Point linalofanya yote hayo kwa mbofyo mmoja. Lingekuwepo kwenye yake tungemaliza mapema.

Pia hakikisha hamna aliyeunga kwenye waifai ya wageni. Waifai ya wageni kazi yake ni kutoa intaneti bila kuonana na vifaa vya nyumbani, na hapo haijaharibika, inatimiza wajibu. Kwenye rauta nyingine kuna kitu kinaitwa AP Isolation. Kikiwashwa, hata walio kwenye waifai moja hawaonani.

Anwani zikiwa zinaanza sawa, jaribu tena amri ile, lakini badala ya jina tumia namba:

net use * \\192.168.1.20\Picha

Ikikubali kwa namba na kukataa kwa jina, basi njia ipo, ni utambulisho wa majina tu umelala. Kwenye kompyuta ya sebuleni andika services.msc, tafuta Function Discovery Resource Publication, iwekee Automatic na uiwashe. Au, kama wewe ni kama mimi, achana na majina, tumia namba siku zote. Yale mahangaiko ya "kompyuta yangu haionekani kwenye dirisha la Network" hayana maana kubwa. Dirisha linaweza kuwa tupu na diski ikafunguka bila shida.

Ukitumia namba lazima uifunge isihame. Umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kugawa anwani upya, na 192.168.1.20 ikawa ya simu ya mtu. Kwenye kompyuta ya sebuleni andika ipconfig /all, nakili Physical Address, ingia kwenye rauta (anwani yake ni ile iliyo kwenye mstari wa Default Gateway), tafuta Address Reservation kwenye sehemu ya DHCP, funga namba hiyo kwa kompyuta hiyo. Kwa mji ambao umeme unakatika ghafla, hatua hii peke yake hunipunguzia simu za jioni.

Ikikataa hata kwa namba, fungua PowerShell (dirisha jingine la amri, litafute kama ulivyotafuta cmd) uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

Kushea mafaili kwa Windows hupita kwenye mlango namba 445. Tazama mstari wa TcpTestSucceeded. Ukisema True, njia iko wazi. Ukisema False, fayawoli imeziba, na mara nyingi ni kwa sababu Windows ya sebuleni inadhani iko mahali pa watu wengi. Fungua mipangilio ya mtandao, bofya waifai au waya unaoutumia, badilisha Public iwe Private. Ukibadilisha rauta, Windows huona mtandao mgeni na inaweza kuuweka Public bila wewe kujua. Ndiyo maana watu huniambia "tangu tulete rauta mpya". Antivirusi ya kununua nayo huwa na fayawoli yake, yenye orodha yake ya mitandao inayoaminika. Ipekue. Kuzima fayawoli nzima naona ni uvivu, na huachwa hivyo hivyo mwaka mzima. Na kama umewasha VPN, izime kwanza ndipo ujaribu.

Msihangaike sana na ping, ile amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine ipo. Mtandao ukiwa Public kompyuta haijibu ping hata ikiwa nzima, kwa hiyo ukimya wake hauthibitishi kwamba imezimwa.

Namba 67: kompyuta ipo, folda haipo

Hapa umefika, ila jina uliloomba halipo mlangoni. Sebuleni andika net share upate orodha ya folda zinazosheiwa kweli. Mara nyingine ni herufi tu ya jina imekosewa. Lakini kwa diski za nje kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui: Windows hukumbuka folda ya kushea kwa njia yake yote, mfano E:\Picha. Mtu akichomeka flashi kwanza ikachukua E, diski yako inakuwa F, na ile folda inapotea mtandaoni ingawa picha zote ziko salama. Hali kadhalika kompyuta ikiwaka kabla diski haijapata umeme, hasa zile diski kubwa zenye adapta yake ya ukutani, Windows hushindwa kuirudisha folda na kuandika tukio namba 2511 kwenye Event Viewer.

Fungua diskmgmt.msc, bofya diski kwa kitufe cha kulia, ipe herufi ya mbali ambayo flashi haitaifikia. Mimi napenda S. Kisha shea folda upya kwa njia hiyo mpya. Umeme ukirudi, washa diski kwanza, kompyuta baadaye. Ukiwa umechelewa, si lazima uwashe kompyuta upya. Kwenye cmd ya msimamizi andika net stop server /y halafu net start server.

Namba 1326, 5 na 1219: umefika, hujaruhusiwa

1326 maana yake jina au nywila haikukubalika. Na hapa ndipo PIN inapowachanganya watu. Zile tarakimu nne unazofungulia kompyuta asubuhi zinatumika kwenye kompyuta hiyo hiyo tu, hazisafiri mtandaoni. Na akaunti isiyo na nywila kabisa hukataliwa vile vile. Badala ya kumpa kila mtoto nywila ya barua pepe ya baba, tengeneza akaunti ya kazi hiyo sebuleni, kwenye cmd ya msimamizi:

net user familia * /add

Itakuuliza nywila mara mbili. Kisha kwenye laptopu:

net use Z: \\192.168.1.20\Picha * /user:SEBULENI\familia /persistent:yes

Kama nywila ilibadilishwa zamani na laptopu inaendelea kupeleka ile ya kale, fungua Credential Manager ufute kumbukumbu yake.

Namba 5 ni ruhusa. Folda ya kushea ina geti na ina mlango wa chumba. Geti ni ruhusa za kitufe cha Sharing, mlango ni ruhusa za Security, na lazima upite kote kuwili; penye masharti makali zaidi ndipo panapoamua. Mpe familia ruhusa ya Change kwenye geti na Modify mlangoni. Diski iliyotoka kwenye kompyuta nyingine huja na majina marefu yanayoanza na S-1-5-21. Hao ni watumiaji wa kompyuta ile ya zamani, hapa hawajulikani. Diski iliyofomatiwa kwa mfumo wa exFAT haina ukurasa wa Security kabisa, geti ndilo kila kitu. Sipendi kumpa Everyone kila ruhusa. Mgeni wa Idi akiunga waifai, na virusi vya simu yake, je?

1219 hutokea ukiwa tayari umeingia kompyuta ile kwa jina jingine. Andika net use * /delete, kubali, anza upya.

Kuna ujumbe mwingine usio na namba hizi, unaosema sera za usalama zinazuia kuingia kama mgeni. Umeongezeka tangu Windows 11 Pro toleo la 24H2 lililotoka 2024, ambalo halikubali tena kuingia bila utambulisho. Mtandaoni utapewa ushauri wa kulegeza sera hiyo. Akaunti ya familia uliyotengeneza hapo juu inaimaliza bila kulegeza chochote.

Ukiwa umechomeka diski kwenye tundu la USB la rauta

Rauta nyingi za zamani huongea lugha moja tu ya kushea, SMB1, na Windows mpya haiji nayo tangu toleo la 1709 la mwaka 2017. Mwezi Mei mwaka huo kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa kiusalama wa SMB1, kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo. Unaweza kuirudisha SMB1 kwenye Windows Features, ndiyo. Mimi siirudishi kwa mteja. Tazama kama rauta ina programu mpya; kama haina, chomoa diski uipeleke kwenye kompyuta.

Kwa wenye Mac: bonyeza Command na K, andika smb://192.168.1.20. iPhone yenye iOS 13 na kuendelea ina chaguo la kuunga seva ndani ya programu ya Files, kwa anwani ile ile. Simu ni kipimo kizuri pia: ikifungua na laptopu ikakataa, sebuleni hamna kosa, shughulika na laptopu.

Na ikiwa inafunguka asubuhi, inapotea mchana, kisha inarudi ukigusa kipanya cha sebuleni, kompyuta inalala. Kwenye mipangilio ya umeme iwekee Never kwenye kulala, acha kioo kizime chenyewe, na kwenye mipangilio ya ndani zaidi zima USB selective suspend.