Kuviringisha karatasi: anza na duara, ua litafuata

Ukitazama kazi nzuri ya karatasi zilizoviringishwa, yaani kwilingi, macho hukimbilia maua, ndege na herufi za kurembwa. Anayeanza namshauri ayaweke kando hayo kwa sasa. Karibu kila petali na kila jani unaloliona pale lilianza kama duara dogo la karatasi, na mwenye kuweza kutoa maduara yanayolingana ameshamaliza sehemu ngumu. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye duara.

Vifaa ni vichache: karatasi za rangi zenye uzito wa kati ya gramu 80 na 120 kwa mita ya mraba, rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi, vijiti vya meno, gundi nyeupe inayokauka bila kuacha rangi, kibano chenye ncha nyembamba na kadi nene ya kubandikia. Kuna vifaa maalumu vya kununua, navyo ni vizuri, ila havitakufundisha chochote ambacho kijiti cha meno kitashindwa kukufundisha.

Hatua ya 1: Kata tepe

Kabla ya kukata, pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kingo ndefu zikaribiane, halafu zile fupi. Utahisi upande mmoja unakubali kirahisi na mwingine unabisha. Hiyo ni kwa sababu nyuzi za karatasi zimelala kuelekea upande mmoja, na utepe unaviringika vizuri ukifuata ule upande unaokubali. Karatasi nyingi za A4 hukubali kingo ndefu zikikaribiana, kwa hiyo kata tepe zako kuvuka ule upana wa milimita 210. Kila utepe uwe na upana wa milimita 5. Karatasi moja itakupa tepe 59, zinatosha kabisa kujifunzia na kuharibia.

Wapo wanaoanza na milimita 3, na kazi ndogondogo hupendeza kwa kipimo hicho. Lakini vidole vigeni vinahitaji pa kushika, na utepe mpana una ukingo unaosimama imara kwenye gundi. Anza na 5.

Hatua ya 2: Tengeneza kifaa cha kuviringishia

Chana ncha ya kijiti cha meno kwa wembe, ufa uwe wa kama milimita 7. Basi. Utepe utaingia kwenye huo ufa. Karne ya 18, wanawake wenye nafasi huko Uingereza walipamba makasha ya chai kwa sanaa hii hii; hakuna sababu ya kusubiri kifaa cha kifahari.

Hatua ya 3: Viringisha duara

Ingiza mwanzo wa utepe kwenye ufa, usitokeze upande wa pili, maana kipande kinachotokeza ndicho kinachoacha kikona kibaya katikati. Kisha zungusha kijiti. Kosa la kawaida ni kuuzungusha utepe kukizunguka kijiti. Kinachotakiwa kuzunguka ni kijiti. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili kazi yao ni kuuongoza utepe tu, vikiuvuta kidogo usilegee. Kila mzunguko ulale juu ya mwenzake, kingo zikiwa sawa. Ukiona duara linachomoza kama pia, mkono wako umepanda au umeshuka. Ligonge taratibu juu ya meza lirudi sawa kabla hujaendelea.

Ukifika mwisho, usikivute kijiti kwa nguvu, kitatoka na kiini cha duara. Kirudishe nyuma nusu mzunguko ili karatasi iachie ufa, halafu lisukume duara kwa kidole kutokea chini.

Sasa una njia mbili. Ukitia gundi papo hapo, unapata duara la kukaza, gumu kama kifungo, lenye kipenyo cha takriban milimita 6. Ukiliachia mezani, linajifungua polepole na kuwa duara la kulegea. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa: moja linafunguka sana, lingine kidogo, na ua linakuwa na petali za watoto na za wazee. Chora kwa bikari duara la milimita 12 kwenye kadibodi, funika kwa gundi-tepe inayopitisha mwanga ili kazi isinase, na kila duara ulifungue mpaka lifikie mstari huo. Hapo ndipo ulifunge kwa gundi.

Gundi iwe tone la ukubwa wa kichwa cha pini, lililochotwa kwa ncha ya kijiti kingine. Ikifurika ikatoka pembeni, ni nyingi. Itaacha alama inayong'aa ambayo haifutiki. Tena, mwisho wa utepe uchane kwa vidole badala ya kuukata kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzi nyembamba zinazolala juu ya karatasi, na kiungo hakionekani. Ushike kwa sekunde 20 hivi, kisha uachie.

Rudia mpaka maduara kumi yaliyopangwa mstari mmoja yasionekane tofauti. Ni zoezi la kuchosha, na sijui njia ya mkato inayolizidi.

Hatua ya 4: Badili duara liwe umbo

Kwa petali, shika duara la kulegea, sogeza kiini chake upande mmoja kwa ncha ya sindano, kisha bana upande wa pili kwa kucha mbili mpaka lifanye ncha kama chozi. Bana pale palipo na kiungo cha gundi, nacho kitafichika. Kwa jani, bana pande zote mbili zinazotazamana. Maumbo mengine, kama moyo, mraba na mwezi, ni mibano hiyo hiyo kwa mpangilio mwingine.

Hatua ya 5: Unganisha ua

Andaa petali sita, majani mawili na duara moja la kukaza la rangi tofauti. Vipange kwanza kwenye kadi bila gundi, ncha za petali zikielekea katikati, uone kama vinakaa. Ukiridhika, mwaga gundi kidogo kwenye kifuniko cha plastiki, itandaze iwe nyembamba, shika petali kwa kibano na uiguse gundi kwa ukingo wa chini tu. Bandika kuanzia katikati kwenda nje. Shina ni utepe mmoja uliosimamishwa kwa ukingo wake. Uvute kwanza kati ya ukucha na kidole ili upate mpindo wa kawaida.

Acha kazi ikauke saa kadhaa kabla ya kuisimamisha. Kama itawekwa ukutani, chagua fremu yenye kina cha zaidi ya milimita 5 ili kioo kisizibonyeze petali, na uiweke mbali na jua la moja kwa moja, kwa maana karatasi ya rangi huchujuka, na mbali na unyevu, unaolegeza mibano uliyoihangaikia.